UZI: Homoni za thairoidi na magonjwa sugu – kusoma TSH, T4 na T3 pale mgonjwa ana figo, moyo, kisukari au TB

#1 TabibuWaHomoni

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wahudumu wa afya na wa wagonjwa wanaofuatilia vipimo vyao. Viwango vya kawaida vilivyoandikwa kwenye karatasi ya maabara vilipatikana kwa watu wasioumwa. Ukimsomea navyo mtu mwenye ugonjwa sugu bila kuuliza anaumwa nini na anameza nini, utakosea kwa njia mbili: yupo atakayepewa homoni maisha yake yote bila kuzihitaji, na yupo atakayetibiwa lehemu, presha na uchovu kwa miaka huku tezi yake imeishiwa nguvu na hakuna aliyeipima.

Mfumo wenyewe unakwenda hivi. Haipothalamasi hutoa TRH, ambayo huiamsha pituitari itoe TSH, nayo TSH huiagiza tezi ya thairoidi pale shingoni itengeneze homoni mbili, T4 kwa wingi na T3 kidogo. Tezi yenye afya hutoa takribani mikrogramu 80 hadi 100 za T4 kwa siku. T4 ni akiba. Inayofanya kazi ndani ya seli ni T3, na karibu asilimia 80 ya T3 hutengenezwa nje ya tezi, pale vimeng'enya vya deiodinasi vinapoiondolea T4 atomu moja ya ayodini. Ikiondolewa atomu ya upande mwingine, hupatikana T3 kinyume (rT3), ambayo haina kazi.

Ugonjwa huingilia hapo hapo. Mtu akiwa na maambukizi makali, moyo ulioshindwa, saratani iliyosambaa, au hata akikaa na njaa siku mbili, mwili hupunguza ubadilishaji wa T4 kuwa T3. T3 hushuka kwanza na rT3 hupanda, huku TSH ikibaki kawaida. Ugonjwa ukizidi, T4 hushuka, na TSH hushuka nayo. Mgonjwa akianza kupata nafuu TSH hupanda, pengine hadi karibu 20 mIU/L, kisha hurudi yenyewe bila dawa. Ukimpima siku hiyo ya 20 ukamwanzishia vidonge, umemtibu mtu aliyekuwa anapona.

Kwa hiyo msimamo wangu: mgonjwa aliyelazwa asipimwe thairoidi kwa mazoea. Apimwe kama kuna dalili za wazi, au jambo ambalo tezi inaweza kulieleza, mfano mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio yaliyoanza ghafla, sodiamu kushuka bila sababu, au joto la mwili kushuka pamoja na usingizi mzito. La sivyo subiri wiki 6 hadi 8 baada ya kupona.

#2 MezaYaMaabara

Asante daktari kwa kuanzisha. Naongezea upande wa sampuli, maana majibu mengi yanayowachanganya watu yameharibika kabla damu haijafika kwenye mashine.

Anza na TSH. Ikiwa nje ya kiwango (kwa maabara nyingi ni takribani 0.4 hadi 4.0 mIU/L), ongeza T4 huru, yaani ile isiyoshikwa na protini za damu. T3 huru ipime pale TSH iko chini na unatafuta tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Kupima T3 ili kugundua upungufu ni kupoteza damu ya mgonjwa: hubaki kawaida hata tezi ikiwa imechoka sana, kwa sababu mwili huilinda hadi mwisho, na hushuka kwa ugonjwa wowote mwingine kama alivyoeleza daktari.

TSH hupanda usiku na kushuka mchana. Unapofuatilia mtu yule yule, chukua damu saa zile zile, na asubuhi ndiyo bora. Kama anameza levothairoksini (T4 ya vidonge), damu itoke kwanza, kidonge kifuate. T4 huru hupanda saa chache baada ya kumeza na inaweza kukudanganya kwamba dozi ni kubwa.

Halafu kuna biotini, vitamini ya kundi B. Vidonge vya nywele na kucha huwa na mikrogramu 5,000 hadi 10,000, wakati mahitaji ya siku ni kama 30 tu. Mashine nyingi hutumia mfumo wa biotini na streptavidini kukamata homoni. Biotini ikijaa kwenye sampuli, TSH husomeka chini kwa uongo, na T4 na T3 husomeka juu kwa uongo. Karatasi inatoka inafanana kabisa na ugonjwa wa Graves (kinga ya mwili kuichochea tezi itoe homoni kupita kiasi), na hata kingamwili za kipokezi cha TSH zinaweza kusomeka chanya kwa mfumo huo huo. Mtu hana mapigo ya haraka, hajakonda, mikono haitetemeki, ila karatasi inasema tezi imewaka. Muulize vidonge vya urembo. Aache siku 2 hadi 3 kisha arudiwe. Wanaotumia dozi kubwa kabisa za miligramu 100 na zaidi, ambazo hutolewa kwa baadhi ya magonjwa ya neva, wanahitaji muda mrefu zaidi.

#3 SisterWaDayalisisi

Wakuu, naomba ufafanuzi kwa wagonjwa wa figo. Wengi wanaokuja kusafishwa damu T3 iko chini na TSH ni 5 au 6. Baadhi ya ndugu wanashinikiza waanzishiwe dawa. Tunawajibu nini?

#4 TabibuWaHomoni

Dada, hilo ni swali la msingi. Kwenye ugonjwa sugu wa figo T3 hushuka kwa sababu ubadilishaji umepungua na mwili una uvimbe wa kudumu wa ndani kwa ndani. Tofauti na magonjwa mengine, rT3 hapa mara nyingi haipandi. TSH ya 5 hadi 10 huku T4 huru ikiwa kawaida haitoshi kuanzisha dawa kwa mgonjwa wa dayalisisi. Rudia baada ya wiki kadhaa na pima kingamwili za TPO, zinazoonyesha kinga inaishambulia tezi. TSH ikivuka 10 na kubaki huko, au T4 huru ikishuka chini ya kiwango, hapo mazungumzo yanabadilika.

Angalieni pia muda wa kuchukua damu. Heparini ya kwenye mashine huachilia asidi za mafuta ndani ya sampuli, nazo huisukuma T4 kutoka kwenye protini inayoibeba, hivyo T4 huru husomeka juu kuliko ilivyo. Damu itoke kabla heparini haijaingia.

Na uhusiano huu unakwenda pande zote mbili. Upungufu mkubwa wa thairoidi wenyewe hupunguza damu inayopita kwenye figo na kupandisha kreatinini. Mtu anaweza kuandikiwa figo zimeanza kufa, kumbe akipewa levothairoksini kreatinini inashuka. Kila mwenye kreatinini iliyopanda bila sababu inayoeleweka, hasa akiwa na uso uliovimba, CK (kimeng'enya cha misuli) ya juu na mapigo ya polepole, apimwe TSH kabla hajafungwa na jina la ugonjwa wa figo.

#5 Mfamasia_Mlangoni

Kwa dada wa dayalisisi: vidonge vya kufunga fosfeti, yaani kalsiamu kabonati, kalsiamu asiteti, sevelama na lanthanamu, vyote hunasa levothairoksini tumboni. Kama mgonjwa anameza vyote kwa mkupuo mmoja wakati wa mlo, dozi inaonekana haifanyi kazi na inaongezwa bure. Kwa kuwa vidonge vya fosfeti lazima viende na chakula, njia rahisi ni kuhamishia levothairoksini usiku, angalau saa 3 baada ya mlo wa mwisho.

Nikiwa hapo hapo nimalize habari ya umezaji, kwa sababu ndipo tiba nyingi zinapoharibikia.

Kidonge kimezwe na maji matupu, tumbo likiwa wazi, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula au kunywa kahawa. Kahawa pekee, hata bila chakula, hupunguza kiasi kinachofyonzwa. Vidonge vya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia zenye alumini viwe mbali kwa saa 4. Soya na virutubisho vya nyuzinyuzi navyo hupunguza. Omeprazoli na ndugu zake ni kesi tofauti: kusogeza saa hakusaidii, kwa sababu tatizo ni asidi ya tumbo iliyopungua muda wote, na kidonge kinahitaji asidi hiyo ili kiyeyuke. Mgonjwa akianza omeprazoli ya muda mrefu, pima TSH baada ya wiki 6 hadi 8, urekebishe dozi kama imepanda. Akiiacha, pima tena, maana sasa dozi ile iliyoongezwa inaweza kuwa kubwa.

Aliyesahau asubuhi ameze akikumbuka siku hiyo hiyo, tumbo likiwa limetulia. T4 hubaki mwilini muda mrefu. Inachukua kama siku 7 kiasi chake kupungua kwa nusu, hivyo siku moja iliyorukwa haimdhuru. Kwa sababu hiyo hiyo, kupima TSH wiki 2 baada ya kubadili dozi hakuna maana. Subiri wiki 6.

Vidonge visikae kwenye joto, unyevu wala mwanga. Kidirisha cha jikoni na bafuni si mahali pake.

#6 MtetemoWaMoyo

Naomba niingie na moyo, kwa sababu hapa makosa yanaua.

T3 hulegeza mishipa midogo na kuharakisha moyo. Ikipungua, mishipa hubana, namba ya chini ya presha (diastoli) hupanda, na ini hupunguza vipokezi vya LDL, hivyo kolesteroli mbaya hubaki kwenye damu. Ndiyo maana mtu mwenye LDL ya juu apimwe TSH kabla ya kuandikiwa statini, dawa za kushusha kolesteroli. Sababu ni mbili: unaweza kukuta tatizo lote ni tezi, na pia misuli ya mwenye upungufu wa thairoidi huumizwa na statini kirahisi zaidi.

Ikizidi, hatari kubwa ni mapigo yasiyo na mpangilio ya atiria. Utafiti wa Framingham uliochapishwa mwaka 1994 ulifuatilia watu wa miaka 60 na zaidi kwa miaka 10, ukakuta wenye TSH ya 0.1 au chini walipata tatizo hilo mara 3 zaidi ya wenye TSH ya kawaida. Hii inawahusu sana wale wanaoongezewa levothairoksini kila wanapolalamika uchovu. Mzee mwenye TSH ya 0.05 kwa sababu ya vidonge yuko kwenye hatari ya kiharusi, na mifupa yake inapungua pia. Dozi ishushwe hata kama anasema anajisikia vizuri.

Mgonjwa wa moyo, au mzee, huanzishiwa mikrogramu 12.5 hadi 25, kisha hupandishwa kidogo kidogo kila wiki 6 hadi 8. Dozi kamili ya takribani mikrogramu 1.6 kwa kilo ni ya kijana asiye na ugonjwa wa moyo. Kumrukisha mzee mwenye mishipa ya moyo iliyoziba moja kwa moja kwenye 100 ni kumtafutia maumivu ya kifua.

Halafu amiodaroni, dawa ya kurekebisha mapigo ya moyo. Kidonge kimoja cha miligramu 200 kina takribani miligramu 75 za ayodini, wakati mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Dawa hiyo hujificha kwenye mafuta ya mwili na hukaa miezi mingi baada ya kuachwa. Pima TSH, T4 huru na kingamwili za TPO kabla ya kuanza, kisha rudia TSH kila miezi 6. Miezi 3 ya kwanza TSH inaweza kupanda na T4 huru pia ikapanda kidogo. Hayo ni mazoea ya mwili, usikimbilie kutibu. Baadaye kuna njia mbili. Tezi ikizimika, levothairoksini inaongezwa na amiodaroni inaweza kuendelea. Tezi ikiwaka, kuna aina mbili: ya kwanza tezi yenye kasoro ya zamani imepata ayodini nyingi na inatengeneza homoni kupita kiasi, hutibiwa na kabimazoli au methimazoli, ya pili tezi imeungua na inamwaga akiba yake, hutibiwa na prednisoloni. Ultrasaundi ya Doppla husaidia kuzitofautisha, kwa kuwa aina ya kwanza ina damu nyingi kwenye tezi na ya pili haina. Wakati mwingine zinachanganyika, na hapo watu hutoa dawa zote mbili kwa pamoja. Dalili ya kushtua ni mgonjwa aliyekuwa ametulia kwenye amiodaroni, mapigo yakaharibika tena ghafla, au mtumiaji wa wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) ambaye INR, kipimo cha kuganda kwa damu, imepanda bila sababu. Pima tezi siku hiyo hiyo.

#7 KifuaKikuu_Klini

Kwa wanaotibu TB. Rifampisini hulichochea ini livunje T4 haraka. Mtu mwenye tezi nzima hutengeneza zaidi na halioni tatizo, lakini anayetegemea levothairoksini TSH hupanda na dozi lazima iongezwe, kisha ishushwe matibabu yakiisha. Kabamazepini na fenitoini za kifafa hufanya vivyo hivyo.

TB iliyo sugu kwa dawa ni habari nyingine. Ethionamidi, prothionamidi na PAS huzuia tezi yenyewe kutengeneza homoni, na zikitolewa pamoja upungufu ni wa kawaida kabisa. Uchovu, baridi, kuvimbiwa na huzuni vinaandikwa kuwa ni TB au ni msongo. Pima TSH kabla ya kuanza na urudie angalau kila miezi 3. Ikivuka 10, anza levothairoksini na usiache dawa za TB. Mara nyingi tezi hurudi hali yake baada ya dawa hizo kuachwa, kwa hiyo hakikisha kuna mtu wa kuja kuondoa levothairoksini baadaye.

#8 SukariNaKinga

Kwa kisukari aina ya 1, kinga iliyoshambulia kongosho inaweza kushambulia pia tezi. Pima TSH mgonjwa akishatulia baada ya kugunduliwa, maana TSH iliyopimwa sukari ikiwa imepanda sana na damu ina asidi haiaminiki, kisha kila mwaka 1 hadi 2. Tezi ikipungua, insulini hukaa mwilini muda mrefu na sukari ya mgonjwa huanza kushuka mno bila yeye kubadili chochote. Tezi ikizidi, sukari hupanda na insulini haitoshi. Na HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi michache) inaweza kusomeka juu kwa mwenye upungufu wa thairoidi, kwa kuwa seli nyekundu zinaishi muda mrefu zaidi. Linganisha na vipimo vya kidoleni.

Jambo ambalo naomba kila mtu alishike: kinga hiyo hiyo inaweza kushambulia tezi za adrenali. Mgonjwa mwenye TSH ya juu ambaye pia anakonda, presha iko chini, ngozi inakuwa nyeusi kwenye mikunjo ya viganja, na potasiamu iko juu, apimwe kotisoli ya asubuhi KABLA ya levothairoksini. Levothairoksini huongeza kasi ya kuvunjwa kwa kotisoli, na asiye na akiba anaanguka. Haidrokotisoni kwanza, thairoidi baadaye. Upungufu wa kotisoli wenyewe hupandisha TSH kidogo, na mara nyingine hushuka peke yake baada ya haidrokotisoni.

#9 Nesi_wa_Zahanati

Mimi nina hoja tofauti kidogo. Mgonjwa ana miaka 70, TSH 6.2, T4 huru kawaida, amechoka muda wote, ana presha na maumivu ya viungo. Kwa nini asipewe mikrogramu 25 tujaribu? Ni dozi ndogo.

#10 TabibuWaHomoni

Naelewa, na nia ni njema. Ila swali hilo limeshajaribiwa. Utafiti wa TRUST uliochapishwa mwaka 2017 uliwachukua watu 737 wa miaka 65 na zaidi wenye hali hiyo hasa, nusu wakapewa levothairoksini na nusu vidonge vitupu. Baada ya mwaka mmoja TSH za waliopewa dawa zilishuka, lakini uchovu na dalili nyingine havikutofautiana na vya wale wa vidonge vitupu. TSH hupanda kidogo kadiri umri unavyokwenda, na 6.2 kwa miaka 70 inaweza kuwa kiwango chake. Rudia baada ya miezi 2 hadi 3, kisha tafuta sababu nyingine ya uchovu: wingi wa damu, feritini (akiba ya chuma), B12, sukari, usingizi wa kukoroma, dawa za presha anazomeza, huzuni. Mgonjwa aliyeambiwa "ni tezi" huacha kutafutiwa kingine, na hilo linaniuma zaidi kuliko kidonge chenyewe.

Vijana, wenye TSH zaidi ya 10 iliyorudiwa, na wajawazito ni kundi jingine. Mjamzito ambaye tayari anatumia levothairoksini aongeze vidonge 2 kwa wiki mara tu ujauzito unapothibitika, yaani 9 badala ya 7, huku akisubiri kupimwa. Asingoje miadi.

Na kwa wale wanaouliza T3 ya vidonge kwa sababu "T3 iko chini" kwenye figo au moyo: hakuna ushahidi unaotosha kuitoa kwa lengo hilo, na moyo dhaifu hauhitaji kuchapwa.

#11 Mfamasia_Mlangoni

Swali kwa wote. Mgonjwa wa Hashimoto (kinga ya mwili kuiharibu tezi hadi ipungukiwe) ametulia miaka kadhaa kwenye mikrogramu 100, sasa TSH ni 14. Anaapa anameza kila siku. Mnafuata mpangilio gani?

#12 MezaYaMaabara

Kwanza kurudia kipimo kwa maabara nyingine inayotumia mashine tofauti. Mara chache kuna kingamwili zinazoshika TSH na kuifanya isomeke juu, na T4 huru inakuwa kawaida kabisa.

#13 TabibuWaHomoni

Kisha orodha ya kila kitu kipya kilichoingia mdomoni ndani ya miezi 6: chuma, kalsiamu, omeprazoli, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni (vinaongeza protini inayobeba T4), rifampisini, dawa ya kifafa. Angalia kama kiwanda cha kidonge kimebadilika na vinahifadhiwa wapi. Uliza uzito na ujauzito. Pima mkojo kwa protini, kwa sababu figo zinazovujisha protini hupoteza na T4 iliyobebwa.

Vikiwa safi vyote, fikiria tumbo. Wenye Hashimoto wana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kuwa na ugonjwa wa siliaki (utumbo kuharibiwa na gluteni ya ngano) na kingamwili zinazoharibu ukuta wa tumbo, ambazo pia humaliza B12. Pima kingamwili za tishu transglutaminasi (za siliaki), B12, feritini, na bakteria wa Helicobacter pylori.

Ikibaki shaka kama vidonge vinamezwa kweli, kuna kipimo cha ufyonzaji: mgonjwa asiye na ugonjwa wa moyo anameza mikrogramu 1,000 mbele ya mhudumu akiwa hajala, na T4 huru hupimwa kabla, kisha kila saa kwa saa chache zinazofuata. Ikipanda vizuri, utumbo unafyonza na tatizo ni umezaji. Hapo si wakati wa kumgombeza mtu. Kwa anayeshindwa kumeza kila siku, dozi ya wiki nzima inaweza kutolewa mara moja kwa wiki kliniki, ikiwa moyo wake ni mzima, na TSH hufuatiliwa baada ya wiki 6 kama kawaida.